Binamu wa Hamira

Saa tisa za usiku Kutaisi imelala.
Namimina hamira kwenye maji vuguvugu,
kijiko cha sukari, kitambaa juu yake.
Haidai makubwa: joto, unyevu, utamu,
na isisumbuliwe.
Kabla sijafunga aproni, beseni limevimba.

Miaka kumi na tisa nimeilisha hivyo
nisijue kwamba ina binamu
aliyepanga kwangu bila kodi,
kimya, kama apangavyo kwa wengi,
asivunje hata kikombe.

Julai jino liliniamsha.
Nikameza vidonge vya kuua bakteria
alivyosaza shemeji, bila cheti, bila swali.
Jino likanyamaza.
Lakini vidonge havina macho:
viliua na walinzi wa mlangoni,
wale wadogo wenye ukali wa ndimu
ambao kazi yao ni kumwambia binamu, *kaa hapo hapo*.
Ongeza tanuri la udongo linalonichemsha hadi magotini.
Ongeza taiti za nailoni, nyeusi, za mnadani.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema,
na hawakuwa wameziona taiti zangu.

Muwasho ule.
Muwasho wa kuegemea gunia la unga
huku unamrudishia mteja chenji na kutabasamu.
Mabonge meupe kama jibini ya mama mkwe.
Mkojo uliopita kama chumvi juu ya mchubuko.

Nikajiosha. Nikajiosha hadi ndani,
sabuni ya waridi, mara tatu kwa siku,
maana nililelewa kuamini aibu hutoka kwa maji.
Kumbe nilikuwa namfagilia mgeni njia.

Zaza aliuliza akiwa amenipa kisogo, taa imezimwa:
"Umeitoa wapi?"
Mimi ninayejua bei ya kila gramu ya unga
sikuwa na jibu.

Jirani Nazibrola akaleta bakuli la mtindi.
"Paka huko," akasema, akiangalia dari.
Nilipaka. Ndiyo, nilipaka.

Krimu ya duka la dawa ilimtuliza binamu.
Agosti akarudi. Nikanunua nyingine.
Septemba, zabibu zilipoiva, akarudi tena
kama mtu aliyesahau mwavuli.

Daktari Ketino ana mikono ya baridi.
Alichukua ute kwa kijiti, auone kwa macho yake.
Juu ya Zaza hakuuliza kitu.
Aliuliza, "Usiku unaamka mara ngapi kukojoa?
Na kiu?"
Nikamwambia mwokaji gani hana kiu.
Akanichoma kidole. Namba ikatokea,
naye akaikalia kimya kidogo.

"Lamzira, huyu hakuletwa na mumeo.
Unamlisha mwenyewe.
Damu yako ina sukari kama beseni lako."

Nilitazama viatu vyangu, vyeupe kwa unga.
Baba alikatwa mguu kwa namba kama hiyo.
Ningeendelea kununua krimu
hadi zamu yangu ifike.

Sasa chupi za pamba zimepangwa kwenye roshani,
kubwa, za heshima, Zaza anaziita matanga.
Nikitoka tanurini navua kilicholowa
kabla sijanywa chai, na chai haina sukari.
Nje naosha kwa maji tu. Ndani pamejua kujisafisha
tangu kabla sabuni haijazaliwa.
Mtindi naula.
Vidonge vya shemeji nimemrudishia shemeji.
Na Zaza nilimpeleka kwa Ketino akasikie mwenyewe.
Alirudi amebeba tikiti maji.
Hakuomba radhi. Alilikata vipande vidogo,
akavihesabu, kama alivyoelekezwa.

Leo mwanafunzi wangu, Tekle, ana miaka ishirini.
Ametoka kumaliza dawa ya kifua,
amevaa jinzi ya kubana kama ganda la ndizi,
na ameegemea gunia la unga
kwa namna ninayoijua.

Nje wateja wameanza kugonga dirisha.
Nafunika beseni.
"Tekle," nasema, "mkate utangoja. Njoo hapa uniambie."