Mlango Uliorudishiwa

Alishuka Aprili kutoka basi la Yanina,
begi moja la nguo, mawili ya vyungu vya plastiki,
na rula ya chuma nyembamba kama ulimi wa nyoka.
Polikseni, akaniambia. Jina la bibi yake.
Nikacheka: kwa Kigiriki ni "mwenye wageni tele",
na kijiji chetu cha mapaa ya mawe
kikifika Januari kina watu kumi na mmoja, nikihesabu na paka.

Hakuja kwa ajili ya watu.
Alipiga magoti penye ukuta wa kanisa, juu ya magugu
ninayoyang'oa kila mwaka bila kuyaomba radhi:
mkoba wa mchungaji, kwa vile tunda lake
ni kifuko bapa, moyo uliochorwa na mtoto.
"Yako mawili, Kiria Stamatia. Chuchumaa uone."

La kwanza jeupe, limevaa kwenda harusini,
petali nne zimetandazwa kama shuka juani,
harufu ya lozi chungu,
chavua ya kumwaga, na tone la mbochi kwa ajili ya nyuki.
Tena lina kiburi. Akatwaa koleo ndogo,
akalipaka chavua yake lenyewe.
Siku ya kumi kifuko kilikuwa uzi mkavu.
"Linaitambua damu yake," akasema, "na linaikataa."
Mgeni njoo, mwenyeji apone: hiyo ndiyo sheria yake yote.

La pili nilidhani linaumwa.
Petali kama kucha za kichanga,
zimefunguka nusu, zikaghairi.
Nililinusa. Hamna kitu.
Ndani, stameni zimeinama hadi kwenye stigma.
Mkuna hujikuna ajipatapo, nikasema.
"Limerogwa?"
"Limeacha kulipia matangazo."

Kisha akanisimulia, tope magotini,
kwamba palikuwa na msimu, au misimu mia, nyuki hawakuja;
kwamba kati ya maua yaliyokuwa yakingoja
moja lilizaliwa limesahau kukataa.
Likajaza vifuko. Na watoto wake, na wajukuu,
aliyeshona petali pana alipoteza uzi,
aliyeshona finyu alibakiza wa mbegu,
na harufu ikawa deni lisilo na mdai.
Nani aliamua? nikauliza. "Hakuna aliyeamua."

Nikamwambia: basi ni mimi huyo.
Tangu Thrasos azikwe sijapaka rangi ya mdomo,
nanywa kahawa yangu, najibu maswali yangu.
Hakuinua kichwa. "Usijifananishe.
Wewe ulibadilika. Ua halikubadilika hata siku moja.
Waliobaki ndio walikuwa tofauti."
Nilinuna mpaka jioni.
Usiku, nikiosha sahani moja, nikaona kasema kweli,
na kweli hiyo haikuwa na kiti cha kunikalisha.

Ubaya upo, alisema kesho yake.
Kosa likiingia katika nyumba ile halitoki,
linarithishwa kama kabati bovu, mama kwa binti,
kwani hakuna damu ngeni ya kulifunika.
Lakini mbegu moja kwenye kwato ya kondoo yatosha:
hilo dogo limefika Hispania, limevuka bahari,
na lile la harusini bado liko milimani kwetu
linangoja kualikwa.

Siku ya mwisho, vyungu vimeshafungwa kwa kamba,
inzi mdogo, wala si nyuki,
akatua kwenye lile dogo, pengine kwa kukosea.
Akazama kichwa. Akatoka na vumbi la manjano mguuni.
Polikseni alizuia pumzi.
"Na hilo unaliandika?"
"Hilo hasa."
Saa nane na dakika ishirini, upepo hafifu, inzi mmoja.

Nikaingia ndani kuchemsha kahawa.
Mlango sikuufunga. Niliurudishia tu.