Mkono wa Kushoto

Ngara, nyumba ya reli ya kale, sakafu ya mbao
imeinuliwa kwa nguzo za mawe, kimo cha mtoto anayetambaa.
Bi Khavere anataka soketi karibu na dirisha,
apate mwanga wa kufuma sweta za shule.
Mashine anayo, waya haufiki.
"Mita tatu tu," anasema, kama anayeomba chumvi.

Nazima swichi kuu. Fyuzi naitia mfukoni,
maana nyumba ina wajukuu, na wajukuu wana vidole.
Testa naijaribu kwanza kwa jirani, penye stima,
iwake, niiamini; ndipo niilete hapa, isiwake.
Waya uliokufa na testa iliyokufa
husema neno moja.

Ubao wa tatu kutoka ukutani ndio unaolia.
Nang'oa misumari polepole; mvule wa namna hii
Gikomba wataapa wanao, wakuuzie msonobari uliopakwa rangi.
Chini: vumbi la miaka, maganda ya njugu,
pini ya nywele, tikiti ya treni yenye tundu,
na waya, umejilaza juu ya boriti
kama mgeni aliyekosa kitanda.

Na kiungo.

Shaba kwa shaba, imesokotwa, ikafungwa
kwa mfuko wa maziwa na utepe uliokauka ukawa gamba.
Boriti chini yake ina doa jeusi
upana wa shilingi.
Miaka mingapi doa hili limekuwa likiwaza,
juu yake watu wakila, wakisali,
wakilala madirisha yamefungwa?

Nasogeza tochi. Msokoto unaelekea kushoto.

Mafundi wote niliowajua husokota kulia.
Mmoja tu alikuwa mashoto: Mzee Omurwa,
aliyenipokea nikiwa msichana wa bisibisi moja
wengine wakiniuliza kama nimepotea njia ya saluni.
Aligonga meza kwa koleo:
"Nyambeki, kiungo kisichofikika
ni mtu uliyemzika akiwa hai. Siku moja atabisha."

Labda ilikuwa Ijumaa jioni, maduka yamefungwa.
Labda mwenye nyumba alikuwa na haraka, yeye ana karo ya kulipa.
Labda alisema, nitarudi Jumatatu na kisanduku.
Labda ndiyo maana alinifunza vile,
kwa ukali wa mtu anayejisemesha.

"Umeona nini?" Bi Khavere anauliza kutoka jikoni.
"Kazi ya zamani," namjibu. "Naibadilisha."

Nakata hadi shaba safi. Kisanduku ni cha Luthuli,
kina mfuniko wa skrubu na mdomo wa kubana waya,
ili ukivutwa, maumivu yasifike kwenye kiungo.
Nyekundu ya jana kwa kahawia ya leo,
nyeusi kwa buluu; kisha ule wa ardhi,
ambao wengi huusahau kwa kuwa haufanyi kitu
hadi siku ile.
Kila mmoja nauvuta kidogo. Nimekuamini, lakini.
Boriti naitoboa katikati, si juu,
msumari wa kesho usije ukaukuta waya.

Ubao naurudisha kwa skrubu nne, si misumari,
na upande usioonekana naandika kwa penseli:
kiungo kipo hapa. Tarehe. Jina langu.
Nasita. Naongeza: mwanafunzi wa Omurwa.

Fyuzi imerudi mahali pake, mashine inanguruma,
sweta ya kijani inaanza kuota shingo.
Nje, nikitafuta chenji ya chai mfukoni,
vidole vinakutana na ule msokoto.
Bado unaelekea kushoto.