Komeo

Mlango ulifunguka futi hamsini juu ya nyasi.
Si sana. Kiasi cha kupitisha kiganja,
kiasi cha kupitisha kelele.

Mchunguzi kutoka Winnipeg ameweka kofia yake
juu ya pipa la mafuta. Ananiuliza kwa upole
kama nilijua komeo lile limelegea.
Nilijua. Orest Hrynchuk aliniambia Alhamisi,
mdomo umejaa mkate mweusi:
"Linachezacheza, Wendell, kama jino la mtoto."
Nikamwambia Jumatatu.

Akaondoka Jumamosi. Upepo mwepesi wa kusini,
kanola imechanua hadi ukingoni mwa uwanja,
manjano ya kuumiza macho.
Nilikuwa mlangoni mwa karakana nikifuta mikono.
Injini ilinguruma sawasawa, nataka hilo liandikwe.
Mabawa mazima. Mafuta ya kumfikisha Dauphin
na kumrudisha.
Ndege ile ingeruka na mlango wazi mpaka jioni.
Ingepiga makelele, ingepeperusha ramani,
ingemtia baridi ya sikio. Basi.

Lakini mlango ukilia, mkono husikia kabla ya akili.
Kichwa chake kilitoweka dirishani,
dirisha likabaki na anga tupu,
na pua ya ndege ikaanza kupanda, taratibu,
bila mtu wa kuitazama.
Mwendo ukamtoka. Mwendo ukiondoka
haubamizi mlango.

Mshika mawili moja humponyoka,
ila hawasemi kwamba linaloponyoka
huwa ndilo zito.

Bawa la kushoto lililala kwanza.
Kanola ikafunguka, ikafunga.
Sauti ilinifikia baadaye.

Mchunguzi anageuza ukurasa. Kalamu yake ni ya hoteli.
Sekunde ngapi, anauliza.
Sijui. Nilikuwa na kitambaa mkononi.
Bado ninacho.

Halyna, mkewe, aliniambia jana
kwamba hata nyumbani ndivyo alivyokuwa:
sufuria ikifurika, aliacha simu ining'inie,
aliacha sentensi katikati.
"Hakuweza kuvumilia kitu kilicho wazi.
Alikuwa akifunga hata mageti ya majirani."
Akacheka, kisha akaishika meza.

Leo ndiyo Jumatatu.
Komeo limo ndani ya mfuko wenye namba,
siruhusiwi kuligusa.
Skrubu moja. Robo ya mzunguko.
Dakika nne, pamoja na kutafuta bisibisi.

Saa kumi atakuja kijana wa akina Pelletier,
ana masomo sita tu, na viatu vipya.
Nafanyia mazoezi maneno nitakayomwambia,
peke yangu, mbele ya ukuta wa spana:
Ukifunguka, uache ulie.
Uache ulie, kijana. Tazama mbele, shika usukani,
zunguka uwanja polepole, uje utue.
Mlango nitaufunga mimi,
huku chini.