Kashata Zimeisha

"Kashata zimeisha," akasema fundi Materu,
na Anande, miaka sita, akaangusha daftari:
"Zote? Nani kazila?"

Kazila mteremko wa Uru, mwanangu,
kazila kokoto za Rau na lami ya Soweto,
miaka minne, kidogo kidogo, bila kutafuna.
Jumanne ile ya mvua gari lilitereza
likageuka ubavu kama mtu anayetafuta usingizi,
na bibi yako kiti cha nyuma, kadi ya kliniki ya macho mkononi,
akauliza tu: "Tumefika?"

Usiku nikachuchumaa uani na tochi ya simu,
nikalipangusa tairi kwa mate na kidole gumba,
nikasoma:
mia na themanini na tano, upana;
sabini, kimo;
kumi na nne, tumbo la rimu.
Nina Spasio hii tangu Anande hajaota jino
na sikuwahi kujua inavaa viatu namba ngapi.

Kisha nikaingia dukani nikiwa kitandani.
Duka halina mlango, halina harufu ya mpira,
hakuna kijana wa kuniita "mama, karibu, bei inazungumzika".
Matairi yamejipanga kama watoto wa picha ya darasa,
yanang'aa, hayajui tope.
Moja laki na sabini, limeandikwa "kwa mvua".
Moja elfu tisini, nyota tano,
na mtu wa Makambako kasema: "Zuri sana. Bado sijalifunga."
Moja la mtumba, limepigwa picha gizani, kama mshitakiwa.
Materu husema tairi hununuliwa kwa ukucha:
libonyeze, likiwa gumu kama mbao, liache.
Nikabonyeza.
Picha ikakua.

Bando likakata saa sita kasoro.
Nikanunua bando ili ninunue tairi.
Nikaweka manne kikapuni, nikatoa mawili,
nikayarudisha.
Pesa ya kikoba, laki tano na arobaini,
ikaondoka kwa tarakimu nne za siri,
kimya,
bila noti hata moja kuniachia jasho la watu vidoleni.

Alhamisi mzigo ukashuka stendi,
katikati ya godoro la bwana mmoja na ndoo za rangi.
Materu akavaa miwani, akatafuta tarehe ya kuzaliwa:
wiki na mwaka, ndani ya kiduara mfano wa yai.
Matatu ndugu, wiki ya arobaini, mwaka jana.
La nne liliwatangulia kwa miaka mitano,
lilikaa ghalani likimngoja mtu mwenye haraka.

Nikampigia muuzaji.
"Ni jipya, dada. Halijagusa lami."
"Hata maziwa ya juzi," nikamwambia, "hayajagusa mdomo."
Akarudisha elfu thelathini na samahani mbili.
Likawa spea, tukaliviringisha likalale na jeki.
Na la kuziba pengo Materu akanichagulia palepale Majengo,
kwa ukucha,
taslimu,
akitabasamu kidogo kuliko alivyotaka.

"Mama, haya yana nywele!"
Anande amepiga magoti, anayang'oa mavuzi ya ndevu zao,
vijiuzi vya mpira, laini, vya siku ya kwanza.
Yale ya zamani yameegemea ukuta na vipara vyao.
Mawili jirani kayaomba, atapandia sukuma wiki.

Jumanne. Mvua tena.
Mteremko ukatoa ulimi wake mwekundu.
Nikakanyaga breki mapema, kwa woga wa kale,
na gari likashika,
likasimama kama mtu aliyeitwa jina.

Nyuma, mama yangu akanusa hewa.
"Nani kavaa viatu vipya?"
"Si viatu, bibi," akasema Anande. "Ni kashata."

Mama, ambaye macho yake hayajamrudia,
akanyoosha kiganja
apewe.