Kumvika Kuku

Mvua ya Tukuyu haipigi hodi.
Nimekaa jikoni kwa masista, kalamu sikioni,
na kitabu cha mapishi cha daktari aliyerudi kwao Uskoti
kimejifungua penye doa la mchuzi.
Sista Nuria anataka kila neno kwa Kihispania,
akawapikie wazee wa nyumba yao, Saragosa.
Nami Kihispania changu ni cha miwa:
miaka mitatu shambani Kuba, enzi za ujana,
nikarudi na cheti, na homa, na lugha isiyo na kazi.

Ukurasa wa kumi na moja: mvike kuku.
Nikaandika hivyo hivyo, mvike kuku.
Sista akasoma, akavua miwani,
akauliza, kwa upole wa kitawa, nguo gani.
Subilaga, mikono ndani ya beseni la maji ya moto,
manyoya yamemganda hadi viwikoni,
akataka kujua tunacheka nini. Nikamweleza:
Mwingereza akishamnyonyoa kuku,
akamtoa utumbo, akamwacha uchi mezani,
husema amemvika.
Akamtazama kuku. Akanitazama mimi.
"Basi mimi," akasema, "nimevika ukoo mzima."

Mbele kidogo: ipe nyama majira.
Yapi? Huku tuna mawili tu,
mvua, na mvua inayopumzika.
Nilikaribia kuandika Julai, na baridi yake,
ndipo nikamkumbuka mpishi wa kambi yetu kule,
akionja maharage meusi kwa ncha ya ulimi.
"Sazón," alisema, na neno lilikuwa chumvi,
tena lilikuwa tunda siku ya kuiva,
tena lilikuwa wakati ule,
neno moja limepakia watatu kama bodaboda ya Kiwira.
Hapo sikutafsiri. Nilirudisha mzigo kwa mwenyewe.

Papai likanitoa jasho. Kule nilikoishi
halitajwi mbele ya akina mama,
huitwa tunda-bomu, na wanaume hutazama pembeni.
Sista akasema kwao papai ni papai.
Nikaandika papai, masikio yakiniwaka.

Lakini tusimcheke Mwingereza sana.
Jioni Sista akataka na mapishi ya Subilaga,
mbalaga, na majani ya maboga.
Subilaga anataja, mimi naandika:
chungu, si wale wanaoandamana kwenda kwenye sukari,
wala si ile ladha ya kwinini;
kisha, akasema, unaiunga mboga.
Kalamu ikasimama.
"Kuiunga na nini?" Sista aliwaza gundi, au kamba.
Na karanga. Na kitunguu. Na maziwa, kama yapo.
"Isipoungwa ni majani na maji,
kila kimoja kivyake,
kama watu kwenye foleni ya benki."

Nilijaribu vitenzi vitano.
Kutia ladha: hapana, hata kiberiti kina ladha.
Kuchanganya: hiyo ni kazi ya mchanga na saruji.
Kufunga: gunia, au ndoa.
Vingine viwili nimevikata, havisomeki.

Subilaga akasema kaka zake walipogombania
shamba la chai la marehemu baba,
mama yao alipika siku tatu mfululizo,
akiunga kila kilichoingia jikoni, hata mchicha wa juzi,
akawapakulia sinia moja, akaondoa viti vingine.
"Wakaungana?" Sista aliuliza, macho yamemlenga.
"Walishiba," akasema Subilaga,
akafuta meza.

Kwa hiyo nimeandika unga, kwa herufi zetu,
na pembeni nimeacha nafasi ya vidole viwili.
Atajaza mwenyewe akifika, akishaonja.
Pengine msomaji wa huko atadhani ni ule wa ugali,
na uji utawapata wazee wasio na hatia.

Mvua imepumzika.
Kuku, kavikwa vizuri, ameanza kuchemka,
na Subilaga anauliza, kwa lugha moja tu,
nani kachukua kifuniko.