Mita Kumi na Moja za Mraba

Nilikwenda bila michoro.
Viatu nilivivua mlangoni nikabaki navyo mkononi,
maana pa kuviweka hapakuwapo.
"Usiniambie unachotaka," nilimwambia Bi Fung.
"Pika chai tu. Nitakutazama."

Hatua mbili hadi jikoni.
Kiwiko cha kushoto kikajibana ubavuni
na bado kikakwaruza friji,
kama kilivyokwaruza miaka kumi na tisa:
rangi pale imelika, duara la kiwiko.
Birika likingoja zamu yake kitandani.
Mwavuli ndani ya sufuria, sufuria ndani ya sinki,
na juu ya kabati, miguu juu kama mende mfu,
kiti.

"Hicho tutakitoa," nilisema, ulimi ukitangulia akili.
Akaendelea kumimina.
"Alikiunda mume wangu. Tangu tuhamie Sham Shui Po
hakijapata pa kusimama."

Padogo pako, husemwa, si pakubwa pa mwenzio.
Hapa hata padogo ni pa mwenzio,
na kodi hukusanywa tarehe moja.

Sikupima ukuta. Nilimpima yeye:
kimo cha goti, urefu wa mkono ukifuata chumvi,
upana wa mabega anapogeuka na kitu cha moto.
Nikaandika kiganjani; meza ilikuwa na chai.

Miezi miwili. Seremala, vumbi, ugomvi na mwenye nyumba.
Kitanda kikapanda, majira ya baridi
yakalala chini yake, yamekunjwa.
Mlango wa choo ukafundishwa kuteleza.
Dirisha sikulipanua, nililivua nguo tu
zilizokuwa zikining'inia.
Na friji ikasogea inchi tisa.

Inchi tisa. Kwa hizo nilikesha siku tatu.

Kiti kikashuka, kikawekwa dirishani,
juu ya kelele za wauza betri na nyaya.
"Kaa wewe kwanza," akasema.
Nikakaa. Kigumu, kimelalia kulia,
msumari mmoja ukiniuliza habari za paja.
Bi Fung akacheka mpaka akashika ukuta.
"Fung alikuwa dereva wa tramu, binti.
Hakijawahi kukalika."

Kisha akaenda kupika chai.
Hatua mbili. Na pale pale pa zamani
kiwiko chake kikajibana ubavuni
kuikwepa friji isiyokuwapo.