Kwa Hesabu ya Maneno

Walinilipa kwa neno. Faranga mia mbili neno moja,
na "na" ni neno, nikalihesabu kama mengine yote.

Kitabu kilikuja kwa Kifaransa, kurasa sitini,
kimefungwa kwa waya, kinanuka ofisi ya mbali.
Mkuu wa mafunzo alikisukuma juu ya meza:
"Geuza Kiswahili. Ijumaa. Wafanyakazi waelewe."
Niligeuza. Usiku, Kamalondo, umeme umekatika,
mshumaa ukidondokea kamusi ya shule,
nikaandika "kifaa cha kujikinga binafsi",
nikaandika "kimiminika babuzi", nikajiona msomi.
Ukurasa wa thelathini na moja ulikuwa na mstari
mfupi, wenye mwelekeo kama mshale:
hiki kiende ndani ya kile, kamwe si kinyume.
Nilikuwa nimechoka. Niliandika:
*Changanya asidi na maji kwa uangalifu.*

Jumatatu watu arobaini walikaa kwenye viti vya plastiki
ndani ya hangari, kofia magotini.
Mwalimu alisoma maneno yangu kama karani wa mahakama.
Mama Kabedi wa maabara aliandika yote.
Kyembe alisinzia, akaamka, akapiga makofi pamoja na wengine.
Mwishoni mtihani: weka alama, ndiyo au hapana.
Arobaini kwa arobaini. Vyeti vyenye muhuri, na fanta.
Ripoti ikasema wameelimika.

"Na" haina mbele wala nyuma.
Mume na mke, chumvi na mboga, asidi na maji:
geuza, sentensi bado inasimama.
Tangi haligeuziki.

Septemba, vumbi jekundu, joto la kabla ya mvua,
Kyembe alishika mpira wa maji
akauelekeza kwenye asidi.
Kwa uangalifu. Hilo alilikumbuka.

Sikuwepo.

Nilikwenda kwake Katuba na kilo mbili za sukari,
maana sikujua mtu huenda na nini.
Jicho la kushoto chini ya pamba. Mkono umefungwa hadi kiwiko.
Chansa, mke wake, hakunisalimu. Alikuwa uani,
maji yakichemka juu ya makala.
Alichota unga, akautia majini,
kidogo, tena kidogo, mwiko ukizunguka.
Nilimtazama. Kyembe naye alitazama, kwa lile lililobaki.
Nikamweleza ukurasa, mstari, neno langu.
Alinyamaza hadi bukari ikaiva. Kisha, kwa Kiswahili chetu cha hapa:
"Ungesema tu bukari, Numbi.
Nani anamwangaka mayi juu ya bunga?"

Kitabu kipya kina kurasa kumi na moja.
Nilikiandika mchana, hangarini, watu wakinisahihisha.
Mama Kabedi alifuta "babuzi", akaandika "inakula ngozi".
Kijana mmoja wa kreni aliuliza hicho kifaa binafsi ni mnyama gani;
alipojua ni glavu alicheka mpaka akakaa chini.
Tukaandika glavu.
Ukurasa wa tatu: *Maji kwanza, kama bukari.
Asidi ndiyo unga. Kidogo kidogo.
Ukigeuza, itakurukia.*
Hakuna karatasi ya ndiyo au hapana.
Mwalimu anamwita mtu mbele,
anampa ndoo mbili za maji ya kawaida, moja ina rangi,
anamwambia: "Pika."
Na hangari nzima inapiga kelele kabla hajakosea.

Mkuu alihesabu maneno, akanilipa theluthi ya yale ya kwanza.
Nilitia sahihi, sikubisha.
Kuna neno moja ambalo hakuliona kwenye hesabu,
nami nalihesabu kila usiku umeme ukikatika:
herufi mbili. Faranga mia mbili.